Mangi Meli hakai kwenye chupa: uchambuzi wa kisa cha lebo za bia ya Kilimanjaro

Kisa hiki kina lebo tatu zilizochapwa na moja iliyokataliwa kabla haijachorwa. Iliyokataliwa ndiyo iliyoamua sura ya zile tatu, kwa hiyo naanza nayo.

Mteja alikuwa mwenye kiwanda kidogo cha bia mkoani Kilimanjaro, mzaliwa wa Old Moshi. Anapika bia za aina tatu: moja nyepesi ya rangi ya dhahabu, moja ya kahawia yenye kimea kingi cha ulezi, na moja nyeusi inayotiwa kahawa ya mlimani. Maelekezo yake yalikuwa wazi kuliko ya wateja wengi niliowahi kuwachorea. Hakutaka ngao na taji za kuiga Ulaya. Alitaka mtu akiishika chupa ajue imetoka wapi. Bia kuu iitwe Mangi, yaani mtawala kwa Kichagga, na usoni pake iwe sura ya Mangi Meli, mtawala wa Moshi aliyepigana na Wajerumani. Zile mbili nilipewa uhuru nazo, ila akapendekeza zibebe “mashujaa wengine na mlima wenyewe”. Pamoja na maelekezo alinipa picha za kale zilizopigwa na Wajerumani, nyingi zikiwa za vijana wenye mikuki na ngao wamesimamishwa mbele ya kamera.

Ombi lake lilikuwa la heshima, na nataka hilo lieleweke tangu mwanzo. Alikulia katika kijiji ambacho habari za Meli zinasimuliwa jikoni na kanisani. Kwake, kumweka Meli kwenye chupa ilikuwa ni kumtoa kijijini na kumpeleka Arusha, Dodoma na Dar es Salaam, kwa watu ambao hawajawahi kulisikia jina lake. Jina Mangi nalo halikuwa geni masikioni mwa wateja, kwani mitaani watu humwita hivyo mwenye duka lolote, hata asiye Mchagga. Kibiashara, hoja yake ilikuwa na nguvu.

Tatizo liko kwenye historia yenyewe. Meli alikuwa mwana wa Mangi Rindi wa Moshi. Mwaka 1892 wapiganaji wake walilishinda jeshi la Wajerumani lililoongozwa na von Bülow, na kiongozi huyo akapoteza maisha. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga hapohapo Old Moshi, yeye pamoja na viongozi wengine 18, kwa tuhuma za kupanga uasi. Familia yake na wenyeji wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake alitumia miaka mingi ya maisha yake kukidai. Mwezi Septemba 2023, taasisi inayosimamia makumbusho ya serikali mjini Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyahusisha baadhi ya mafuvu inayoyatunza na familia zilizo hai huku kwetu, na fuvu mojawapo ni la mtu aliyekuwa mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwao.

Maana yake ni kwamba mtu tuliyetakiwa kumchora kichwa ni mtu ambaye kichwa chake bado kinatafutwa. Nililiweka jambo hili mbele ya mteja kwa maneno hayohayo. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama sanamu na michoro ya Meli si ipo tayari. Ipo. Lakini sanamu hupewa mahali pake pa kusimama, watu wakaifuata pale ilipo. Chupa ya bia ina maisha mengine kabisa.

Maisha ya lebo baada ya kutoka kiwandani

Hapa ndipo wabunifu wengi tunapokosa kuangalia. Tunaichora lebo kwenye kioo cha kompyuta, tunaipamba kwenye picha ya chupa iliyosimama peke yake juu ya meza safi, mteja anaridhika, kazi inaisha. Lebo halisi inawekwa kwenye ndoo ya barafu mpaka inalowa. Mnywaji anaibandua taratibu kwa kucha huku akiongea. Chupa inaangushwa, inavunjika, vipande vinafagiliwa. Iliyobaki inarudishwa kwenye kreti, inafika kiwandani, inaoshwa kwa maji ya moto yenye magadi makali, na lebo inatoka kama uji wa karatasi. Na kabla ya yote hayo, huenda ilikuwa mkononi mwa mtu aliyelewa akitukana.

Kwa hiyo swali nililompa mteja, na ambalo tangu hapo nalitumia kwa kila kazi ya kinywaji, ni hili: kitu hiki unachotaka kuchora, kinaweza kupitia yote hayo bila mtu yeyote aliye hai kuumia? Mlima unaweza. Mgomba unaweza. Sura ya mtu aliyenyongwa, ambaye wajukuu na vitukuu wake wanaishi kilomita chache kutoka kiwandani, haiwezi.

Tulikwenda pamoja kwa mzee mmoja wa ukoo ambaye mteja humwita baba mkubwa. Shikamoo zilipokwisha na sababu ya ujio wetu ikaelezwa, mzee hakukasirika. Aliuliza mambo mawili tu: chupa ile itauzwa kwa nani, na faida ya sura ile itakwenda kwa nani. Mteja alikuwa na jibu la swali la kwanza. La pili lilimshika. Tukiwa njiani kurudi, aliniambia Meli tumwache, na nilimheshimu sana kwa uamuzi ule kwa sababu jina la Mangi alikuwa amelipenda kwa muda mrefu.

Kuna wabunifu watakaosema kwamba nilikuwa mwoga, na kwamba historia ngumu ndiyo inayohitaji kuonekana. Nakubali kwamba inahitaji kuonekana. Inahitaji vitabu vya shule, maonyesho, makumbusho, mabango kwenye mti wa Old Moshi aliponyongewa Meli. Bia ni chombo kibaya kwa huzuni ambayo haijaisha, kwa sababu bia hununuliwa ili watu wachangamke.

Tembo wa Ruaraka

Mteja alitoa mfano wa kunipinga, na ulikuwa mzuri. Bia ya Tusker ya Kenya, alisema, imejengwa juu ya kifo. Ni kweli. Kiwanda cha Ruaraka kilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili walowezi, George na Charles Hurst, na mwaka 1923 George aliuawa na tembo dume akiwa mawindoni. Bia ikapewa jina la tembo mwenye pembe, na kichwa cha tembo kikakaa kwenye lebo. Kimekaa hapo kwa miaka mia moja.

Lakini tuangalie kilichochorwa. Mwindaji hayupo, bunduki haipo, kaburi halipo. Kuna kichwa cha tembo tu, cheusi, juu ya rangi ya manjano. Asiyejua habari za George Hurst hakosi chochote. Tembo yule ni wa mtu wa Tsavo, wa Marsabit, wa Laikipia, na ndiyo maana miongo mingi baadaye iliwezekana kuandika kando yake “Bia Yangu, Nchi Yangu”, na mamilioni ya watu ambao hawana uhusiano wowote na walowezi wale wakayakubali maneno hayo. Msiba wa familia moja ulibaki kuwa wa familia, na lebo ikachukua kitu ambacho kila mtu angeweza kukishika. Kama Charles angechora sura ya ndugu yake, sidhani kama lebo ile ingevuka mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru.

Funzo nililolichukua kutoka Ruaraka ni la ufundi: chora kitu kimoja, na ukichore kwa namna ambayo hakihitaji maelezo. Lebo nyingi zinazodai kubeba historia zinashindwa hapa. Zinabeba ngome, jahazi, mnazi, ramani, mwaka, na mtu aliyevaa mavazi ya jadi, vyote katika eneo lisilozidi kiganja. Jicho linaona fujo.

Vilivyobaki mezani

Baada ya Meli kuondoka, mapendekezo yalikuja kwa wingi na mengi tuliyaondoa haraka. Mlima wenyewe ulikuwa wa kwanza kuondoka. Kilimanjaro Premium Lager ina mlima, maji ya chupa yana mlima, na kampuni za utalii zisizohesabika zina mlima. Mchoro mzuri kiasi gani wa kilele cha Kibo usingemsaidia mnywaji kuitofautisha bia hii na nyingine ndani ya jokofu. Mwenge uliopandishwa kileleni usiku wa Uhuru, Desemba 1961, ni alama ya taifa, na alama za taifa hazichezewi kwa ajili ya mauzo. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kuwa ndiye aliyemwongoza Mjerumani Hans Meyer hadi kileleni mwaka 1889, alinivutia zaidi, lakini naye ni mtu mwenye ukoo. Tungerudi kwenye swali lilelile la mzee.

Picha za Kijerumani nilizikataa bila mjadala mrefu. Ukizitazama kwa makini, vijana wale wanatazama kamera kwa namna ya watu walioambiwa wasimame. Mpigapicha ndiye aliyechagua mkuki, ndiye aliyechagua mkao. Kuzichora upya kwa mistari mizuri na kuzibandika kwenye chupa ni kuendelea kuwasimamisha.

Isale ndilo lililotuchukua muda. Jani hili kila mtu wa mlimani analijua: hupandwa mpakani mwa vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya ukoo, huotesha kivuli chake penye makaburi, na anayeomba msamaha hulipeleka kwa aliyemkosea, ambaye kwa desturi hapaswi kukataa. Kwa mchoraji ni zawadi. Umbo lake refu lenye ncha linakaa vizuri kwenye shingo ya chupa, na linatambulika hata likichorwa kwa rangi moja. Mteja alilipenda mno. Nilichora mapendekezo kadhaa nayakumbuka kwa uchungu kidogo, kwa sababu yalikuwa mazuri. Yaliondolewa na mama wa mteja. Alisema jani la kumaliza ugomvi haliwekwi kwenye kitu kinachoweza kuuanzisha. Sikuwa na cha kujibu, na sikutafuta.

Nilichokiona wakati huo, na ningependa wabunifu wakitazame, ni kwamba katika mapendekezo yote hayo, ya mteja na ya kwangu, bia yenyewe haikuwamo. Tulikuwa tunatafuta historia ya mkoa kana kwamba bia haina historia katika mkoa huo. Kilimanjaro! Mahali ambapo mbege ilikuwepo kwenye posa, kwenye tambiko, kwenye kulipa faini na kwenye kumaliza kesi, muda mrefu kabla ya kiwanda chochote. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa, zinakamuliwa. Ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa na kuchanganywa na maji ya ndizi. Gome la msesewe linatia uchungu. Na wapishi wake kwa kiasi kikubwa ni wanawake. Tulikuwa tumezunguka wafalme, wapiganaji na wapanda mlima, na hatukuwa tumemtaja hata mwanamke mmoja, wakati kinywaji tulichokuwa tunakichorea lebo kina shangazi mzee zaidi, yaani mbege, inayopikwa na wanawake.

Kuanzia hapo kazi ilibadilika. Tuliacha kuuliza “nani shujaa wetu?” tukauliza “nani alifanya kazi gani ili kitu hiki kiwepo?”

Mfongo, ungo, mzani

Bia nyepesi ilipewa mfongo. Mifongo ni mifereji iliyochimbwa kwa mikono kwenye mteremko wa Kilimanjaro kabla ya ukoloni, inayoyachukua maji kutoka kwenye makorongo na kuyapitisha kingo kwa kingo hadi kwenye vihamba vya chini. Wazungu wa kwanza waliofika katika karne ya 19 waliandika kwa mshangao juu ya ufundi wake. Mfongo ulikuwa na wenyewe: ukoo uliouchimba, wazee wa kuusimamia, zamu za maji, siku za kuusafisha ambapo kila nyumba inayoutumia ilitoa mtu. Baadhi inatiririka mpaka leo. Bia kwa sehemu kubwa ni maji, na nyepesi ndiyo inayoyaonyesha zaidi maji yake, kwa hiyo mchoro na kinywaji vilikutana bila kulazimishwa.

Bia ya kahawia ilipewa mikono miwili na ungo wa ulezi. Nilisitasita kabla ya kufika hapo, kwa sababu mwanamke kwenye lebo ya bia haraka sana hugeuzwa pambo. Mchoraji anaanza na mpishi na anamaliza na mrembo. Mikono peke yake ililitatua hilo. Ni mikono ya mtu mzima, yenye vifundo, inapepeta. Haihitaji sura ili mtu ajue ni kazi ya nani. Tulifikiria pia msesewe, na jina lenyewe lingependeza sana, ila bia ile inapata uchungu wake kutoka kwenye maua ya hopsi. Kuchora gome ambalo halimo chupani kungekuwa uongo, na wa mlimani wangeujua kwa funda la kwanza.

Bia nyeusi ilipewa mzani. Wakulima Waafrika wa Kilimanjaro walipoanza kupanda kahawa kwa wingi, walowezi waliokuwa na mashamba yao hawakufurahi. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, Joseph Merinyo akiwa rais wake, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho kila mtu wa Moshi anakijua. Mtu angetegemea tawi la mbuni lenye matunda mekundu, na kila pakiti ya kahawa duniani inalo. Mzani unasema jambo ambalo tawi haliwezi: kwamba watu hawa walitaka kahawa yao ipimwe na kulipwa kwa haki, na wakajipanga hadi ikawa hivyo. Na mzani wa kuning'iniza, wenye ndoano na uso wa duara, una umbo linalosomeka hata kwenye giza la baa.

Hakuna hata mmoja wa michoro hii mitatu anayeweza kudhalilishwa kwa kubanduliwa na kucha. Mfongo ukilowa haudhuriki.

Kuchora kwa ajili ya karatasi ndogo

Chupa ya mililita 330 ya umbo la kawaida ina kipenyo cha takriban milimita 61, yaani mzingo wa kama sentimita 19. Kati ya hizo, jicho linaona theluthi hivi kwa mara moja; nyingine zimejikunja pembeni. Mchoro wenye mantiki ya bango la ukutani unakufa hapo. Kila kitu cha lazima nilikiweka ndani ya upana wa sentimita sita za mbele, na pembeni nikaacha vitu ambavyo ni raha kuvigundua mtu akiizungusha chupa: kingo za mfongo, migomba, mawe.

Nilichonga kwenye lino, kibao laini cha kuchapia michoro, badala ya kuchora kwa kalamu. Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Mstari wa lino hauwezi kuwa mwembamba kupita kiasi, na mistari myembamba ndiyo inayokufa kwanza kwenye uchapaji wa bei nafuu, hasa inapokuwa myeupe ndani ya eneo jeusi, kwa sababu wino hutanuka na kuufunga. Sababu ya pili ni kwamba alama za kisu zinabaki kuonekana, na kazi zote tatu tulizochora ni kazi za mikono. Rangi nilizitumia mbili kwa kila lebo, juu ya karatasi ya rangi ya maziwa: nyeusi isiyo kali sana pamoja na kijani kwa mfongo, udongo mwekundu kwa ulezi, na kahawia iliyoiva kwa mzani. Manjano na nyeusi kwa pamoja nilizikwepa makusudi. Mnywaji wa Afrika Mashariki akiziona anamwona tembo.

Nina jambo moja ambalo ninajivunia katika kazi hii. Maji ya mfongo hayaishii kwenye lebo ya kwanza. Yanatokea ukingoni, yanaingia kwenye lebo ya ulezi yakipita chini ya ungo, yanatoka, yanapita nyuma ya mzani, na kurudi kwenye lebo ya kwanza. Ukizipanga chupa tatu kwa mfuatano wowote kwenye rafu, mfongo unaendelea. Ni wazo rahisi kulisema na gumu kulitekeleza, maana lebo zilikuwa zikibandikwa kwa mashine ndogo ya mkono, na mashine hiyo inaweza kupandisha au kushusha lebo kwa milimita moja au mbili. Mstari ulionyooka ungeonyesha kila kosa. Kwa hiyo kingo za maji pale zinapovuka nilizifanya za mawe na majani, pana na zisizo sawa, ili zikipishana jicho lipokee tu kwamba mfereji umepinda.

Majaribio tuliyafanya kwenye baa halisi, usiku, chupa zikiwa zimelala kwenye barafu kwa saa nzima. Karatasi ya kwanza ilianza kukunjamana kabla ya bia kwisha. Tukahamia kwenye karatasi iliyotengenezwa kustahimili maji lakini inayotoka kwenye oshio la magadi, kwa sababu mteja anarudisha chupa zake na hangeweza kutumia lebo ya plastiki inayong'ang'ania. Yule anayechagua karatasi baada ya mchoro kukamilika anajitafutia taabu. Wino unavyokaa, rangi inavyokuwa ikilowa, ukubwa wa herufi ndogo kabisa, vyote vinategemea karatasi.

Herufi ndogo hazikwepeki. Kiwango cha kilevi, ujazo, viambato, jina na anwani ya mzalishaji, tarehe, onyo la kiafya, katazo la kuuzia walio chini ya miaka 18, alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na nafasi ya stempu ya kodi ya kielektroniki. Nimeona wabunifu wanaozisukuma zote nyuma kama takataka. Mimi huzipanga mapema, kwa herufi zilezile zinazotumika mbele, kwa sababu ukurasa wa nyuma ndio ambao mnywaji asiye na mtu wa kuongea naye husoma kwa makini.

Huko nyuma pia ndiko ilikokaa historia kwa maneno: sentensi mbili kwa kila lebo, si zaidi. Kwenye ya mzani tuliweka miaka, 1925 na 1933, na jina la chama. Kwenye ya mfongo tulisema ilichimbwa kwa mikono kabla ya ukoloni na kwamba baadhi inatiririka bado. Mteja alitaka neno “tangu” na mwaka wa zamani mahali fulani, kwa kuwa bia nyingi huwa nalo. Lakini kiwanda chake ni kipya. Mwaka wa mfongo si mwaka wa kiwanda, na kuuazima ni kujivika umri usio wako.

Kuhusu majina, Mfongo, Ungo na Mzani ni maneno ya kawaida, na ndiyo maana ilibidi yasajiliwe pamoja na michoro yake, si kama maneno matupu. Maombi yalikwenda BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, katika daraja la 32 la alama za biashara, ambalo ndilo la bia. Mwenye mpango wa kuuza Zanzibar akumbuke kwamba usajili wa BRELA hauvuki bahari. Huko kuna ofisi yake na maombi yake. Mkataba wetu uliandika wazi kwamba michoro ni ya kiwanda kwa matumizi ya vinywaji, na kwamba vipande vya lino na haki ya kuvichapa kama sanaa vinabaki kwangu. Hilo lijadiliwe kabla ya mchoro wa kwanza, wakati bado mnapendana.

Mama wa mteja alipata kreti ya kwanza ya Ungo. Aliitazama ile mikono, akasema kidole gumba kimekaa vibaya, kwani anayepepeta huweka gumba juu ya ukingo na si pembeni. Kibao kikachongwa upya na toleo lililofuata likatoka na gumba mahali pake.

Sasa kuna mjadala wa bia ya Desemba. Wachagga wanarudi nyumbani mwisho wa mwaka, barabara ya Moshi inajaa magari, na mteja anataka chupa moja kubwa ya kugawana, itakayopikwa kwa wiki hizo tu. Anataka iwe na ndizi ndani, jambo linaloisogeza karibu na mbege kuliko bia zake zote. Nimependekeza kata ya kibuyu inayopita mkono kwa mkono. Yeye anataka nyumba ya msonge ya zamani. Mama yake amesema tusichore chochote mpaka aionje.